Kabla ya Kupima Kasi, Kagua Data Unazopimia

Wikendi moja ya Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha akaunti za wateja wake milioni 5.2 kutoka mfumo wa zamani iliokuwa ikiutumia chini ya benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya wa kampuni mama yake ya wakati huo, Sabadell ya Hispania. Data zenyewe zilifika salama. Kilichoanguka ni mfumo uliopaswa kuzihudumia: wateja hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao kwa simu wala kwa intaneti, matawini kazi zikakwama, na mambo hayakurudi katika hali ya kawaida mpaka Desemba mwaka huo. Mwishoni mwa 2022 wadhibiti wa Uingereza waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Ndani ya ripoti ya uchunguzi ya mawakili wa Slaughter and May, iliyotoka 2019, kuna jambo ambalo kila msimamizi wa programu angefaa alisome mara mbili. Mfumo ulipangwa uendeshwe na vituo viwili vya data vikifanya kazi kwa pamoja, lakini majaribio ya kuhimili mzigo yalifanyika kwenye kituo kimoja tu.

Majaribio yalikuwepo, basi. Wahandisi walikuwepo, bajeti ilikuwepo, na taarifa za matokeo ziliandikwa zikasomwa. Kilichopimwa hakikuwa kile kilichokwenda kubeba wateja. Kasoro ya aina hiyo haihitaji benki kubwa ili itokee. Inatokea kila siku kwa timu ya watu watano, na mara nyingi haianzii kwenye mashine bali kwenye data: programu inapimwa kwa jedwali dogo, safi, lililogawanywa sawasawa, kisha inapelekwa kwa watu ambao data zao ni kubwa, chafu na zimelalia upande mmoja. Ninachokushauri katika mwongozo huu ni kwamba kabla hujachagua kifaa cha kupimia, kabla hata hujaweka lengo la kasi, zitengeneze kwanza data za majaribio, maana namba yoyote utakayoipata baadaye itakuwa na thamani ile ile ya data zilizoizaa.

Nasema hivyo nikijua kwamba mazungumzo ya siku hizi yameelekea kwenye vifaa, na kwa haki, kwa sababu vifaa vimekuwa vizuri. JMeter ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na bado inafanya kazi. k6 inakuruhusu kuandika jaribio kama unavyoandika programu, likaendeshwa lenyewe kila msimbo unapobadilika. OpenTelemetry, iliyozaliwa 2019 kwa kuunganisha miradi miwili iliyokuwa ikishindana, imewapa wahandisi njia moja ya kulifuatilia ombi la mtumiaji kutoka seva hadi seva mpaka lifike kwenye hifadhidata. Na sasa akili mnemba inaandika hati za majaribio na kuzalisha mamilioni ya mistari ya data za kuiga kabla chai haijapoa. Yote hayo yanaharakisha kazi. Ila jaribio bovu nalo linaharakishwa vilevile, na likishawekwa lijiendeshe lenyewe kila usiku, watu wanaacha kulihoji.

Anza na ukubwa. Tuseme unajenga mfumo wa mawakala wa pesa kwa simu, na kuna ukurasa ambapo wakala anaomba orodha ya miamala yake ya mwezi. Kwenye kompyuta ya mhandisi, jedwali la miamala lina mistari 2,000. Jedwali dogo namna hiyo PostgreSQL aghalabu hulisoma lote kutoka juu hadi chini, kwa sababu kulisoma lote ni nafuu kuliko kupitia indeksi, na jibu linarudi kabla hujaondoa kidole. Indeksi iwepo isiwepo, hutaona tofauti. Lipeleke swali lile lile kwenye jedwali la mistari milioni 40, lisiloenea katika kumbukumbu ya seva, na indeksi iwe imesahauliwa: sasa kila wakala anayebonyeza kitufe anaifanya diski isome mamilioni ya mistari asiyoihitaji. Njia ya kujua ni rahisi. Andika EXPLAIN ANALYZE mbele ya swali hilo katika mazingira yote mawili, ulinganishe mpango unaorudishwa. Ukikuta Seq Scan upande mmoja na Index Scan upande wa pili, au mpangilio wa kuunganisha majedwali ukawa tofauti, majaribio yako ya awali yalikuwa yakipima programu nyingine kabisa.

Ukubwa peke yake hautoshi, na hapa ndipo timu nyingi hujidanganya kwa nia njema. Mtu anaandika hati fupi inayojaza mistari milioni 40 na kuigawa kwa mawakala 100,000, kila mmoja akapata miamala 400. Jedwali ni kubwa kweli, lakini halifanani na biashara yoyote iliyopo duniani. Katika hali halisi wakala wa kijijini ana miamala michache, wa stendi kuu ya mabasi ana maelfu, na akaunti ya malipo ya umeme au ya ving'amuzi inapokea pesa kutoka kila kona ya nchi kwa wakati mmoja. Akaunti hiyo moja ndiyo itakayokuangusha. Kama mfumo wako unahifadhi salio katika mstari mmoja na kuubadilisha kila malipo yanapoingia, basi kila malipo yanaufunga mstari huo kwa muda na mengine yanasubiri nyuma yake. Jioni ya mwisho wa mwezi foleni inarefuka ilhali kichakataji cha seva kinaonekana kimepumzika, na anayetazama grafu anabaki kushangaa. Data zilizogawanywa sawasawa haziwezi kukuonyesha tatizo hilo, hata ukizifanya mistari bilioni.

Uchafu wa data nao una mchango wake katika kasi, ingawa watu huuhesabu kama suala la usahihi tu. Namba ya simu iliyoandikwa mahali pengine kwa 07 na pengine kwa +255 inamlazimisha mhandisi aigeuze ndani ya swali kabla ya kuilinganisha, na indeksi ya kawaida iliyowekwa juu ya safu hiyo haitumiki tena. Tarehe za kuzaliwa zinarundikana Januari 1, kwa sababu ndiyo inayoandikwa mtu asipojua tarehe yake. Anayetafuta mteja kwa jina la Mohamed au Neema anarudishiwa maelfu ya watu, wakati data za mfano zilizopakuliwa mtandaoni zina majina ya Kizungu yasiyojirudia. Orodhesha mambo ya namna hii kutoka kwenye mfumo wako mwenyewe: safu zipi zina thamani chache zinazojirudia sana, zipi huachwa tupu, akaunti kumi kubwa zinabeba sehemu gani ya miamala yote. Hiyo orodha ni kazi ya siku moja au mbili kwa mtu anayeifahamu biashara, na itakufaa kuliko leseni ya kifaa chochote.

Kuna data ya pili ambayo husahaulika kwamba nayo ni data: mpangilio wa maombi yanavyofika. JMeter na k6, ukizitumia kwa mtindo wake wa kawaida, huunda watumiaji wa kuiga ambao kila mmoja anatuma ombi, anasubiri jibu, kisha anatuma jingine. Mfumo ukisita, nao wanasita. Watu halisi hawako hivyo. Abiria wa Kivukoni hawaachi kufika kwa sababu pantoni imechelewa. Hesabu inaonyesha ukubwa wa kosa. Chukua mfumo unaopaswa kupokea maombi 100 kwa sekunde, ufanye kazi vizuri kwa sekunde 90, kisha ugande kwa sekunde 10. Hati inayosubiri jibu itaandika maombi 9,000 mazuri na moja baya, halafu taarifa itasema zaidi ya asilimia 99.9 ya maombi yalijibiwa vizuri. Katika uhalisia, ndani ya sekunde hizo 10 watu 1,000 wangebonyeza na kusubiri, yaani mmoja kati ya kila 10, na asilimia moja ya maombi yote yangesubiri sekunde 9 au zaidi. Mhandisi Gil Tene, aliyeipigia kelele kasoro hii kwa miaka mingi, alionyesha kwamba vifaa vingi vya kupimia vilikuwa vikiificha. k6 na JMeter zote zina mtindo wa pili, ambapo maombi hutumwa kwa kasi uliyoipanga bila kujali majibu. Kwa mfumo unaotumiwa na umma, tumia huo.

Ukishapata data na mpangilio wa kuaminika, soma matokeo kwenye mkia wake, yaani kwenye maombi yaliyochelewa kuliko mengine. Wastani unapendwa kwa sababu ni namba moja, lakini hakuna mtumiaji anayepata huduma ya wastani. Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google walieleza mwaka 2013 kwa nini mkia unakua mfumo unapopanuka: seva moja ikichelewa zaidi ya sekunde moja katika ombi moja tu kati ya 100, ukurasa unaohitaji majibu ya seva 100 za aina hiyo utachelewa karibu mara 63 kati ya 100. Programu zetu za sasa, zilizokatwakatwa kuwa huduma ndogondogo zinazoitana, ziko katika hali hiyo kwa kiwango chake. Kwa hiyo andika muda wa asilimia ya 50, ya 99 na ya 99.9, na usichukue asilimia ya 99 ya seva tano ukazitafutia wastani, kwa sababu jibu litakalotoka halina maana yoyote. Unganisha vipimo vyenyewe kwanza. Kwenye menyu za simu zinazoanza kwa nyota mkia unauma zaidi, kwani kikao kina muda wake na kikikatika mteja anaanza upya, hajui kama pesa imeondoka au haijaondoka, kisha anajaribu tena na kukuongezea mzigo.

Sasa, data hizo zinazofanana na ukweli utazitoa wapi? Jibu la haraka, ambalo linafanyika sehemu nyingi kimyakimya, ni kunakili hifadhidata halisi na kuiweka kwenye seva ya majaribio yenye nywila inayojulikana na ofisi nzima. Acha. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa data za mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wazo linalopita katika sheria za aina hii ni kwamba taarifa ya mtu itumike kwa kazi iliyokusanyiwa, na isizidi kiasi kinachohitajika. Mteja alikupa namba yake ili atume pesa. Hakuitoa ili mkandarasi wa muda aifungue kwenye kompyuta ya mapajani.

Kufuta majina hakutoshi pia. Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba takriban asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambuliwa kwa vitu vitatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Na kuna kosa dogo la kiufundi linalorudiwa mno: mtu anazipitisha namba za simu kwenye kanuni ya kuficha kama SHA-256 na kuamini zimepotea. Namba za simu za nchi nzima hazifiki bilioni. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzipitisha zote kwenye kanuni hiyo kwa dakika chache na kulinganisha, ikajua ipi ni ya nani. Kama lazima ufiche, tumia ufunguo wa siri unaohifadhiwa nje kabisa ya mazingira ya majaribio, na hakikisha namba moja inapata mbadala ule ule katika majedwali yote, la sivyo miunganisho inavunjika na majaribio yanapoteza maana. Njia ninayoiona bora kwa timu nyingi ni kutochukua mistari kabisa. Kutoka kwenye mfumo halisi toa takwimu za jumla tu: mawakala wangapi wana miamala mingapi, saa zipi zina msongamano, thamani zipi hujirudia na kwa kiasi gani. Kisha uzalishe data mpya kwa kufuata maumbo hayo. Unabaki na mlalo ule ule wa data, bila mtu yeyote wa kweli ndani yake, mradi takwimu zenyewe zisishuke hadi kwenye kundi la watu wawili watatu.

Atakayesema akili mnemba inatosha kwa kazi hiyo ana hoja, ila si kamili. Mifumo hiyo hupenda kuzalisha kilicho cha kawaida. Ukiiomba wateja 10,000 itakupa watu wenye mapato ya kuridhisha, anwani zilizokamilika na majina yaliyoandikwa vizuri, huku akaunti moja yenye miamala 900,000 ikikosekana kwa sababu katika hesabu ya jumla ni kama haipo. Itumie kuandika hati ya kuzalisha, umbo la data ulipange wewe. Kipimo cha kuikagua ni kile kile cha mwanzo: akaunti kumi kubwa zinabeba sehemu gani ya miamala kwenye data halisi, na kwenye hizi za kuiga zinabeba sehemu gani? Namba hizo mbili zikiachana sana, rudi nyuma.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaosema majaribio ya aina hii yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi seva za kukodi huongezeka zenyewe mzigo ukipanda. Seva za programu kweli huongezeka. Ule mstari mmoja wa salio hauongezeki. Zaidi ya hapo, kila seva mpya inafungua miunganisho mingine kwenda kwenye hifadhidata ile ile, na PostgreSQL, ambayo kwa mpangilio wake wa awali inaruhusu miunganisho 100, hutenga mchakato mzima kwa kila mmoja. Hivyo tiba inaweza kuongeza ugonjwa. Nadharia ya foleni nayo haina huruma: katika foleni sahili yenye mhudumu mmoja, akiwa na shughuli asilimia 50 ya muda, ombi linachukua mara 2 ya muda wa kuhudumiwa, akifika asilimia 80 ni mara 5, asilimia 90, mara 10, asilimia 95, mara 20. Anayetazama hifadhidata iliyofika asilimia 80 na kusema bado kuna nafasi ya moja ya tano nzima hajui kwamba yuko ukingoni.

Wengine watasema wapime moja kwa moja kwa wateja halisi: toa toleo jipya kwa asilimia moja ya watumiaji, tazama, kisha ongeza. Huo ni utaratibu mzuri na ninaupendekeza uwe juu ya majaribio, usichukue nafasi yake. Wateja wa leo wanakuonyesha mzigo wa leo. Hawawezi kukuonyesha siku ya matokeo ya kidato cha nne wala tarehe ambayo mishahara na kodi za nyumba vinakutana. Na kujifunza mbele ya wateja kuna bei yake: Agosti 1, 2012 kampuni ya kununua na kuuza hisa ya Knight Capital ya Marekani ilianza siku na msimbo mpya ambao haukuwa umefika kwenye seva moja kati ya nane, na ndani ya dakika 45 hivi ikapoteza zaidi ya dola milioni 440.

Kampuni changa itauliza itoe wapi umbo la data ilhali haina wateja. Kisia, lakini makisio yaandikwe. Kanuni ya John Little, aliyoithibitisha mwaka 1961, inakusaidia kuanza: idadi ya maombi yaliyomo ndani ya mfumo kwa wakati mmoja ni kasi ya kufika ukizidisha kwa muda ambao kila ombi hukaa. Maombi 200 kwa sekunde, kila moja likikaa nusu sekunde, ni maombi 100 ndani ya mfumo kwa wakati mmoja, na hapo unajua mara moja kwamba miunganisho 20 ya hifadhidata itakuwa kikwazo kama kila ombi linashika mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Fanya makisio matatu ya mlalo wa data, la upole, la wastani na la ukatili, na upime yote matatu. Wateja wakishafika, badilisha makisio kwa takwimu za kweli kila baada ya miezi michache. Data za majaribio zilizopangwa mwaka juzi zimeshazeeka.

Gharama ni hoja ya haki pia, hasa kwa anayelipia seva kwa dola na kupokea mapato kwa shilingi. Usiendeshe jaribio kubwa kila msimbo unapoguswa. Kila badiliko lipitishwe kwenye jaribio dogo linalokagua mipango ya maswali kumi yanayotumika zaidi, juu ya data zenye ukubwa na mlalo wa kweli. Baadhi ya hifadhidata za kisasa zinaweza kutoa nakala ya haraka inayoshirikiana hifadhi na ya asili na kuandika upya tu kile kilichobadilishwa, kwa hiyo nakala ya mamia ya gigabaiti inapatikana bila kulipia diski ya pili nzima. Jaribio zima, lenye mzigo kamili na vituo vyote, liwe la mara moja kwa wiki au kabla ya msimu unaoujua. Ukishindwa kumudu hata hilo, punguza muda wa jaribio au idadi ya kurasa unazopima. Usipunguze jedwali wala kuulainisha mlalo wake.

Taarifa ya matokeo iwe ya ukurasa mmoja, na nusu ya ukurasa huo ihusu data: mistari mingapi katika majedwali makuu, akaunti kubwa zinabeba nini, maombi yalifika kwa mtindo gani, seva na vituo vipi vilihusika na vipi viliachwa nje, takwimu za umbo zilichukuliwa tarehe gani. Namba za kasi zije chini yake. Msomaji akiona kituo kimoja kimeachwa nje, ataweza kuuliza kabla ya siku ya kuhama. Na kama kwa sababu yoyote ilibidi mtumie nakala iliyotokana na data za watu, andikeni humo humo jina la anayewajibika nayo na tarehe ya kuifuta, kisha mtu mwingine, asiyekuwa yeye, athibitishe kwamba imefutwa, pamoja na nakala rudufu zake.